Meno ya Mamba, Meno ya Kenge



Nianze na habari ya jirani. Kaskazini kabisa mwa ziwa letu la Tanganyika, pale Mto Ruzizi unapomwaga maji upande wa Burundi, kuna mamba aliyepata jina la kibinadamu: Gustave. Jina hilo alipewa na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi miaka mingi akifuatilia nyoka na mamba. Sifa za Gustave zimefika hadi huku Ujiji: makovu ya risasi, watu aliowala, ukubwa uliokadiriwa kupita mita 6. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Faye na wenzake walimtegea mtego mkubwa wa chuma. Filamu ya jaribio lile ilitoka mwaka 2004, na mwisho wake kila mtu anaujua: mamba hakuingia.

Kwa ukubwa ule, wengi waliamini Gustave amevuka miaka 100. Kilichompunguzia umri ni meno. Alipoonekana kinywa wazi, meno yake yalikuwa karibu yote yamo, na mamba wa miaka 100 angetarajiwa kuwa kibogoyo, au karibu na hapo. Kadirio likashuka hadi miaka isiyozidi 60, na ikasemwa huenda bado anakua.

Jioni hii nataka kueleza hoja hiyo ilipata wapi nguvu, na ukomo wake uko wapi. Nikifanikiwa, mtaona kwamba mamba, kenge, kinyonga, swila na kobe, ambao shuleni tumezoea kuwatia kapu moja la reptilia, wanatofautiana kwa jambo moja kuliko mengine yote: ni lini kinywa cha kila mmoja huacha kutengeneza meno.

Daktari wa meno akikutazama kinywani hukisia umri wako kwa uchakavu. Gego limelika, ufizi umerudi nyuma, pengo limekaa miaka. Kwa mamba kanuni hiyo haifai kitu, maana jino analokuonyesha leo silo alilokuwa nalo mwaka juzi. Jino linaweza kuwa na miezi michache ilhali mwenyewe ni rika la babu yako. Mamba wetu, yule aitwaye wa Nile, ana meno 64 hadi 68, na kila moja limekaa ndani ya tundu lake katika mfupa. Ukiliokota moja mchangani, ligeuze utazame chini. Ni tupu, kuta zake ni nyembamba, na halina mzizi. Aliyeokota husema mzizi umekatikia kwa mwenyewe. Hapana, umeyeyushwa. Jino jipya huota upande wa ulimi, chini ya lile linalouma. Linapokua, seli maalumu hula mzizi wa jino kongwe mpaka patokee tundu ubavuni, na jino changa hupenya na kuingia ndani ya ule uwazi. Kongwe hubaki gamba. Siku mamba anapouma mfupa, gamba hubanduka, na chini yake tayari kuna ncha nyingine, safi na kali.

Kwa watu wa Kigoma sihitaji mchoro. Mkulima wa Kasulu anapopunguza shina la mgomba huacha mama mwenye mkungu, mtoto ubavuni mwake, na chipukizi la mjukuu. Kila tundu katika taya la mamba lina familia ya namna hiyo: jino linalouma, jino linalosubiri, na nyuma yao utepe mwembamba wa seli ambao ndio utakaochipua lijalo. Nitauita utepe wa meno, na naomba mlishike jina hilo, kwa kuwa mengine yote ya jioni hii yatarudi kwake.

Mwaka 2013 kundi la Cheng-Ming Chuong wa Chuo Kikuu cha Southern California lilichapisha uchunguzi wa utepe huo kwa aligeta, binamu wa mamba aishiye Marekani. Waligundua kwamba ncha ya utepe ina uvimbe mdogo wenye seli shina, yaani seli zisizoamua bado zitakuwa nini. Jino linapotoka kwa kawaida, uvimbe huo huamka na kuanza kazi. Ukiling'oa kwa nguvu, huamka mapema zaidi. Kila nafasi hubadilishwa takriban mara moja kwa mwaka, na katika maisha ya aligeta inaweza kufika mara 50. Kwa mamba wa Nile hesabu ilikuwa imekwisha fanywa zamani: mwaka 1961 Mwingereza D. F. G. Poole alikadiria kwamba mamba anapofikia urefu wa karibu mita 4, meno yake ya mbele yamekwisha kubadilishwa takriban mara 45.

Mtauliza, kama meno yanatoka ovyo namna hiyo, mbona hatumwoni mamba mwenye pengo refu? Kwa sababu majirani hawaondoki pamoja. Jino la tatu likiwa linabanduka, la pili na la nne yamesimama imara, na zamu yao itakuja baadaye. Gordon Edmund wa Kanada aliandika mwaka 1960 kwamba mpangilio huu ni mawimbi yanayopita ndani ya taya kutoka upande mmoja hadi mwingine. Waliokuja baada yake wamebishana sana juu ya kinachoyasukuma mawimbi hayo. Mimi nina wasiwasi kwamba ubishi huo umekula karatasi nyingi kuliko ulivyostahili. Zamu zenyewe huonekana kwa macho kwenye fuvu lolote zuri.

Kuna hazina nyingine ndani ya jino la mamba ambayo bila hadubini huioni. Dentini, ile sehemu ngumu iliyo chini ya enameli, huwekwa tabaka kwa tabaka, na kila siku huacha mstari wake. Gregory Erickson wa Marekani alithibitisha jambo hili kwa aligeta walio hai, kisha mwaka 1996 akatumia mistari hiyo kuhesabu siku za meno ya dainosaria, ambao ni ukoo wa karibu na mamba. Jino la Tyrannosaurus mkubwa lilichukua siku 777 kabla ya kupisha jingine. Hesabu ni rahisi: unahesabu mistari ya jino linalouma, unahesabu ya lile linalosubiri chini yake, unatoa. Tofauti ndiyo muda wa zamu. Mnyama aliyekufa mamilioni ya miaka iliyopita ametuachia kalenda yake kinywani.

Sasa turudi kwenye hoja ya Gustave. Kadiri mamba anavyokua, zamu hurefuka. Uzeeni utepe huchoka na nafasi zingine hubaki wazi. Kwa hiyo kinywa kilichojaa meno ni ushahidi mzuri kwamba mnyama hajafika uzee wa mwisho. Hapo hoja ina nguvu. Lakini haiwezi kukuambia kama ana miaka 45 au 60, na anayetoa namba moja kutokana na meno tu anakisia. Ingebidi kuhesabu pete za ukuaji ndani ya mfupa, na kwa mamba asiyekubali kuingia mtegoni hilo nalo halipatikani. Hata hivyo, kati ya kisio lililojengwa juu ya meno na lile lililojengwa juu ya hofu, nachukua la meno.

Tuingie ndani ya yai, maana kazi yote huanzia huko.

Mamba jike hufukia mayai mchangani na kuyalinda kwa muda wa miezi mitatu hivi. Katika siku za mwanzo kiinitete hakina taya. Kuna vivimbe viwili vidogo kila upande wa koo, na humo huingia seli zilizosafiri kutoka ukingoni mwa ubongo unaojengeka. Safari hiyo ya seli ni moja ya mambo ya ajabu katika mwili wa mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo, wewe na mimi tukiwamo. Zikishafika hupanga kwanza fimbo ya gegedu, inayoitwa kwa jina la Mjerumani Johann Friedrich Meckel, kisha mfupa hujengwa kuizunguka. Taya letu la chini ni mfupa mmoja. Taya la chini la mamba, kila upande, ni mifupa 6 iliyoshikana, na ni mmoja tu kati yake unaobeba meno. Iliyo nyuma hutengeneza bawaba na kushika misuli.

Mifupa miwili ya bawaba hiyo, mmoja wa taya la chini na mmoja wa fuvu, sisi pia tunayo, ila mahali pake huwezi kupakisia. Mwaka 1837 Mjerumani mwingine, Karl Reichert, alifuatilia viinitete hatua kwa hatua na kuonyesha kwamba kwa mamalia mifupa hiyo imeingia sikioni, ikawa ile midogo tunayoita nyundo na fuawe. Mnaponisikia hapa mnasikia kwa mifupa ambayo mamba anang'atia. Nimewahi kulisema hilo mbele ya watu wazima wakacheka, wakadhani ni utani.

Meno ya kwanza kabisa ya kiinitete cha mamba hayatumiki. Huchomoza juujuu ya ufizi, madogo, yenye umbo lisilokamilika, kisha mengi yake huyeyuka na kufyonzwa kabla yai halijapasuka. Wataalamu wamegawanyika. Wapo wanaoyaona kuwa kumbukumbu ya mababu wa kale, na wapo wasemao ni utepe unaojaribu mashine kabla ya kazi. Mimi niko na hawa wa pili, ingawa sitapigana na mtu. Mamba anapoanguliwa, urefu wake sentimita 30 hivi, tayari ana seti ya sindano zinazofaa wadudu na vyura, na za kung'atia kidole cha mtoto atakayemchokoza.

Ya kupasulia yai, je? Hapa reptilia wanaachana. Mijusi na nyoka wana jino halisi la yai, lenye dentini, linalochomoza mbele ya taya la juu na kudondoka siku chache baada ya kuanguliwa. Mjusi wa ukutani, yule anayelia usiku darini mwenu, huwa nayo mawili. Mamba na kobe hawana jino hilo. Wao wana kinundu cha ngozi ngumu puani, kinachofanya kazi ileile bila kuwa jino hata chembe. Na mamba mchanga akishindwa, mama huyaviringisha mayai kati ya ulimi na kaakaa mpaka yafunguke, kisha hubeba watoto kinywani hadi majini. Meno yaleyale, misuli ileile. Misuli ya kufunga taya la mamba ni ya kutisha, ila ile ya kulifungua ni dhaifu kiasi kwamba kamba ya kawaida ikizungushwa mdomoni inatosha kumnyamazisha.

Jambo moja la pembeni, kisha nitamwacha mamba kwa muda. Magamba ya mwili wake hupangwa na jeni, yamelingana kulia na kushoto. Ya usoni hayalingani. Mwaka 2013 kundi la Michel Milinkovitch wa Geneva, likitumia viinitete vya mamba wa Nile, lilipendekeza kwamba ngozi ya mataya hupasuka vipande wakati kichwa kinakua kwa kasi ndani ya yai. Hakuna mamba wawili wenye magamba yaliyopangwa sawa usoni.

Msemo wetu unasema katika msafara wa mamba na kenge wamo, na unasemwa kwa kumdharau kenge. Kwa habari ya meno, naona dharau hiyo haina msingi. Kenge ndiye mwenye hadithi nzuri kuliko wote katika ufuko huu.

Meno yake hayamo ndani ya matundu. Yamegandishwa upande wa ndani wa ukuta wa taya, na mapya huja kutoka nyuma ya yale yanayotumika. Utepe wake hauchoki upesi. Lakini ajabu haiko katika idadi ya zamu, iko katika umbo. Kenge mchanga ana meno membamba, makali, yaliyopinda kuelekea kooni: ya panzi, buibui na vyura wadogo. Zamu inayofuata huleta jino nene kidogo. Ifuatayo, nene zaidi. Akishakuwa mtu mzima, meno ya nyuma ya taya yamekuwa vinundu butu, mapana, vinavyofanana na magego, na mfupa unaoyabeba umekuwa mzito ili kustahimili. Msweden Einar Lönnberg aliliandika jambo hili mwaka 1903 na kulihusisha na chakula, akawa sahihi. Kenge mkubwa huvunja kaa, konokono na mayai, pamoja na ya mamba akipata nafasi. Hugh Cott, aliyechunguza mamba wa Uganda na Zambia ya leo na kuchapisha kazi yake kubwa mwaka 1961, aliwaandika kenge miongoni mwa wezi wakuu wa mayai.

Fikirini maana yake. Utepe mmoja, katika mnyama mmoja, hutengeneza sindano mwaka huu na nyundo miaka kadhaa baadaye. Sisi kwa mageuzi hayo tumepewa nafasi moja tu, pale meno ya utoto yanapopisha ya ukubwani. Kenge anayo kila zamu.

Na ziwa letu ni mahali pa kuwa na nyundo kinywani. Konokono wa Tanganyika walianza kuandikwa na wataalamu mwaka 1859, kutokana na makombe aliyorudi nayo John Hanning Speke, aliyefika hapa Ujiji na Richard Burton mwaka 1858 akiwa anaumwa macho vibaya. Mmoja hadi leo anaitwa Spekia. Makombe hayo ni mazito, yana mbavu na mikunjo kama ya baharini, na wazungu wa karne ile walidhani ziwa liliwahi kuungana na bahari. Halikuwahi. Mwaka 1991 Kelly West, Andrew Cohen na Michael Baron walichapisha maelezo mengine: kaa wa ziwa hili, hasa Platythelphusa armata, wana makucha makubwa ya kuvunjia, na konokono wamejibu kwa kujenga nyumba ngumu. Kenge anaingia katika vita hivyo kutoka nchi kavu, akiwa na magego yaliyochelewa kuja.

Kinyonga ni kinyume chake kabisa. Meno yake hayamo tunduni wala ubavuni mwa taya, bali yameungana na ukingo wa juu wa mfupa moja kwa moja, kiasi kwamba ni vigumu kuona jino linaishia wapi na mfupa unaanzia wapi. Utepe wake hutoa jino moja kwa kila nafasi, na basi. Taya linaporefuka, meno mapya huongezwa nyuma, katika nafasi ambazo hazikuwapo. Ya mbele ndiyo makongwe na madogo kuliko yote, na ndiyo yanayolika kwanza. Taya la kinyonga mzee ukilisoma kutoka mbele kwenda nyuma, unasoma maisha yake tangu utotoni hadi juzi. Huyu ndiye ambaye daktari wa meno wa binadamu angeweza kumkadiria umri kwa njia anayoijua. Mjusi yule mwenye kichwa chekundu anayepiga pushapu juu ya mawe naye ni wa ukoo huo wa meno, ila amejiwekea akiba: meno machache ya mbele, marefu, hubadilishwa.

Nyoka wanahitaji muda kidogo, na hapa wavuvi mtanisahihisha kwa mengine, si kwa hili la kwanza. Nyoka hachomoi taya lake anapomeza. Hakuna kinachotoka mahali pake. Nusu mbili za taya la chini hazikuungana kidevuni, zimeshikwa na ukano unaonyumbuka, na ule mfupa wa bawaba, ambao kwetu uko sikioni, kwake ni mrefu na unaning'inia kwa uhuru. Juu chatu ana safu nne za meno, mbili za pembeni na mbili za kaakaani, na chini safu mbili. Zote zimepinda kuelekea ndani. Upande mmoja hushika, wa pili husogea mbele, kisha hubadilishana. Kwa kweli nyoka hammezi mnyama. Anautembeza mdomo wake juu yake.

Swila wa maji wa ziwa hili mnamjua ninyi kuliko mimi. Hujificha kati ya mawe, huzamia samaki, na kwa kawaida hana haja na mtu. Aina yake ya Tanganyika ilipewa jina la kisayansi na Louis Dollo wa Ubelgiji mwaka 1886, kwa heshima ya luteni Émile Storms, aliyekuwa na ngome Karema kisha Mpala, ng'ambo ya ziwa. Ni Storms huyohuyo ambaye watu wake walimuua chifu Lusinga mwaka 1884, na fuvu la Lusinga likapelekwa Ubelgiji pamoja na mikusanyo yake mingine. Sioni namna ya kumtaja nyoka huyu kwa jina lake la kitaalamu nikalinyamazia hilo.

Swila ana chonge za sumu mbele ya mdomo. Kifutu anazo mbele pia, ndefu zaidi, zenye kukunjwa. Wapo nyoka wengine ambao zao ziko nyuma kabisa. Kwa miaka mingi iliaminiwa kwamba hizi ni ala mbalimbali. Mwaka 2008 Freek Vonk wa Leiden na wenzake walichunguza viinitete vya spishi 8, wakakuta kwamba chonge zote, za mbele na za nyuma, huanzia sehemu moja: mwisho wa taya la juu, kutoka utepe uliojitenga na ule wa mbele. Kwa swila na kifutu, utepe wa mbele hauamki. Taya linapokua ndani ya yai, chonge husukumwa hatua kwa hatua hadi kufika mbele. Mfereji wa sumu nao hutokana na jino kujikunja ukingo kwa ukingo lingali laini, na mshono wake huonekana kwenye chonge ya swila ukiitazama kwa kioo cha kukuzia. Kila upande una vikalio viwili vilivyo bega kwa bega. Chonge inatumika katika kimoja huku inayofuata ikikaa katika cha pili, na nyuma yao kuna foleni. Ndiyo maana kumng'oa nyoka chonge, kama wafanyavyo baadhi ya waganga wa maonyesho, hakuleti usalama. Majuma machache tu, nyingine imekaa.

Nyoka mla mayai ametupa karibu meno yote. Yai huvunjwa kooni na miiba ya pingili za uti wa mgongo, na maganda hutemwa.

Kobe na kasa hawana hata jino moja, wana ukingo wa pembe ngumu. Mababu zao walikuwa nayo: mwaka 2008 yalitangazwa mabaki ya Odontochelys kutoka China, mwenye umri wa miaka milioni 220 hivi, akiwa na meno juu na chini na nusu ya gamba tu. Katika viinitete vya leo, kazi ya utepe husimama mapema mno, kabla hakujawa na kitu cha kuitwa jino.

Nilisema nitamwacha mamba kwa muda; sasa namrudia. Si huyu wa Mto Malagarasi. Katika Bonde la Rukwa, ufa uleule uliozaa ziwa letu, timu ya Patrick O'Connor wa Chuo Kikuu cha Ohio pamoja na Watanzania ilichimbua mamba mwenye ukubwa wa paka, aliyeishi miaka takriban milioni 105 iliyopita. Mwaka 2010 alitangazwa katika jarida la Nature kwa jina Pakasuchus kapilimai: paka kwa sababu mnazoziona, na Kapilima kwa kumkumbuka marehemu Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Fuvu lilipatikana mdomo umefumbwa, na mwamba umebana meno ya juu na ya chini. Ikabidi kulipiga picha za eksirei za tabaka kwa tabaka ili kuona ndani. Walichokiona hakikuwa cha mamba hata kidogo: meno machache, ya mbele kama chonge, ya nyuma kama magego yenye kingo, na ya juu yanaoana na ya chini yakikata kwa kusuguana.

Kuoana huko ndiko kunakonirudisha kwetu. Jino linaloota upya kila mwaka haliwezi kuoana sawasawa na mwenzake. Kila likija, kimo ni kingine na pembe ni nyingine. Mamba wa leo hasumbuki na hilo, maana hatafuni. Anashika, anazungusha, anameza. Sisi tunatafuna, na kwa kutafuna tulilipa: utepe wetu hutoa meno ya utoto, hutoa ya ukubwani, kisha huvunjika vipande ndani ya ufizi na kupotea. Kundi la Chuong lilipochunguza aligeta lilikuwa na swali hili akilini: je, mabaki ya utepe wa binadamu yanaweza kuamshwa tena? Mimi nasema hata yakiamka, kazi ngumu itakuwa kuliambia jino jipya likae wapi ili lioane na la chini yake.

Maswali yatakuwa mengi, kwa hiyo nimalizie na ombi. Baada ya mvua, mito huleta mafuvu ufukoni, ya kenge na mara chache ya mamba. Msiyabebe nyumbani: kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hizo ni nyara za Serikali, na kuwa nazo bila kibali ni kesi. Toeni taarifa kwa ofisi ya wanyamapori iliyo karibu, kisha pigeni picha. Wengi hupiga picha kutoka mbele, ambako meno yanatisha zaidi. Pigeni upande wa ndani wa taya, karibu na mashina ya meno, ambako jino changa linachungulia, na wekeni shilingi pembeni ili ukubwa uonekane.